Ngano Basotu: nitapimaje mwenyewe kiwango cha mbolea kinachofaa shamba langu?

NganoYaHanang

Wakuu, habari za shughuli.

Ninalima ngano upande wa Basotu, wilayani Hanang, ekari thelathini na kidogo, karibu nusu ni za kukodi. Ngano siyo ngeni kwangu. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la Mulbadaw enzi za NAFCO, lile shirika la umma la kilimo, nimekulia kwenye vumbi la kombaini. Kinachonisumbua ni mbolea.

Kila mtu ana namba yake. Kipeperushi nilichopewa kinasema mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupanda na mfuko mmoja wa urea ya kukuzia kwa ekari. Muuza pembejeo anasema hiyo ni habari ya zamani, urea iwe mifuko miwili. Jirani yangu mmoja, mzee wa siku nyingi, hajawahi kuweka hata kilo moja na anaapa kwamba ardhi ya huku haitaki mbolea, inataka mvua. Msimu ukiisha mimi namzidi gunia mbili, tatu kwa ekari, halafu natoa gunia hizo hizo kulipa deni la mbolea. Yeye hana deni.

Msimu uliopita kampuni moja ya pembejeo (siitaji) iliweka shamba darasa kando ya barabara. Vipande viwili na bango: kimoja "mbolea yetu", kingine "kawaida ya mkulima". Chao kilikuwa kijani mpaka kinaelekea weusi, ngano inafika kiunoni. Tukaitwa siku ya wakulima, tukala pilau, tukavaa kofia. Ila sisi wenyeji tunajua pale palikuwa na boma. Familia ya Kibarabaig ilihama zamani, lakini ukipanda kwenye kile kilima nyuma ya shule unaliona duara la zizi lilivyokaa: ndani, penye samadi ya miaka mingi, ngano nyeusi, nje ya njano, na kipande cha kampuni kilikuwa kimeangukia ndani ya duara karibu chote. Nilipouliza nikaambiwa maswali yatajibiwa mwishoni. Mwishoni magari yakaondoka.

Sasa nataka nijaribu mwenyewe msimu ujao. Tunapanda Februari mpaka Machi kutegemea mvua. Nina trekta ya kukodi, mashine ya kupandia ya jirani yenye upana wa mita 3, na kombaini huwa tunakodi kutoka kwa watu wanaozunguka, kichwa chake futi 14. Nifanye vipande vingapi, vya ukubwa gani, nipime vipi? Na je, jibu la shamba langu moja lina maana yoyote, au nitakuwa nimejifurahisha tu kama wale wa kofia?

Mchumi_Katesh

Mkuu, unajisumbua. Chukua udongo, peleka maabara, watakupa majibu na kiwango cha mbolea kwenye karatasi. Majaribio waachie TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, ndiyo kazi waliyopewa. Wewe lima, uza, lipa deni.

FundiWaMambo

NganoYaHanang, kama baba yako aliendesha trekta Mulbadaw basi huenda aliwahi kutukwamua kwenye tope, kwa maana tulikwama sana kule. Msalimie.

Mimi nimestaafu, niko Arusha. Kazi yangu ilikuwa fundi wa majaribio: yule anayevuta kamba, anapigilia mambo (vigingi), anapima mbolea usiku kwa mizani ya jikoni na kuvuna kwa mundu mchana, wakati mtafiti anakuja siku moja na gari kupiga picha. Kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa kamba na mizani.

Kwanza nimjibu ndugu wa maabara. Kupima udongo ni jambo jema. Pima pH (asidi ya udongo) na fosforasi, hizo hazibadiliki haraka na pesa yako haipotei. Lakini maabara inakuambia udongo una nini, haikuambii ngano itajibu nini ukiiongezea. Yale majedwali ya "kidogo, wastani, nyingi" anayosomea mtaalamu yalipatikana kwa watu kwenda mashambani, kuweka mbolea viwango tofauti, kuvuna na kulinganisha. Bila majaribio ya namna hiyo jedwali halipo. Na naitrojeni ndiyo isiyotabirika kabisa: mvua moja kubwa inaishusha chini ya mizizi, joto na unyevu vinaitengeneza upya kutoka kwenye mabaki ya mazao. Ulichopima Novemba, Machi ni habari nyingine.

Kuhusu kuwaachia TARI: wanafanya, na vituo vya Selian na Uyole vyote viwili vina kazi ya ngano. Lakini shamba la kituo siyo shamba lako. Limekula mbolea miaka mingi, fosforasi imejilimbikiza, magugu yanatolewa kwa wakati, mbegu inaingia ardhini siku ile ile mvua ikikaa vizuri. Kwako trekta ya kukodi imechelewa wiki mbili na mwenye shamba la kukodi hakukuambia mwaka jana alipanda nini. Ndiyo maana majaribio ya mbolea yanayotoa mapendekezo ya maana hufanyika kwa wakulima, kwa wengi, na kwa misimu zaidi ya mmoja. Kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, Tanga, kilipitia mapendekezo ya mbolea ya nchi nzima na kikayatoa mwaka 1993, na mpaka leo bado yanatajwa. Tangu hapo mashamba yamebadilika, mbegu zimebadilika, bei ndiyo usiseme.

Haya, shamba lako.

Usifanye vipande viwili. Vipande viwili ni bango la matangazo. Fanya vipande virefu, mimi naviita mikanda, kila mmoja upana wa mita 6, yaani mashine yako ya kupandia ipite mara mbili, na urefu wa mita 200. Viwango vinne vya urea, ambayo ndiyo naitrojeni yako, kwa ekari: hakuna kabisa, nusu mfuko, mfuko mmoja, mfuko mmoja na nusu. Kila kiwango kirudiwe mara tatu, yaani makundi matatu ya mikanda, kila kundi lina viwango vyote.

DAP iweke pembeni kwenye jaribio hili. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 23 za fosfeti (fosforasi inavyohesabiwa kwenye mbolea), lakini una naitrojeni kilo 9 pia, kwa hiyo ule mkanda wa "hakuna" utakuwa umekula tayari. Tumia TSP mahali pake, ina fosfeti bila naitrojeni. Asilimia yake ya fosfeti ni ile ile 46, basi mfuko kwa mfuko, wala hupigi hesabu. Mikanda yote ipate TSP sawa. Kisha ongeza mkanda wa tano katika kila kundi: urea mfuko mmoja, TSP hakuna. Huo utakuambia kama fosfeti unayonunua kila mwaka inalipa au unaizika tu.

Mikanda mitano mara tatu ni 15, upana wa mita 90 kwa 200, ekari nne na nusu hivi. Kwa mkanda mmoja, nusu mfuko kwa ekari ni kilo 7.4 za urea, mfuko mmoja ni kilo 14.8, mmoja na nusu ni kilo 22.2. Pima nyumbani, tia kwenye viroba, andika namba ya mkanda, funga. Usipimie shambani, upepo wa Basotu unajulikana.

Mpangilio wa mikanda ndani ya kila kundi upigie kura. Vikaratasi vitano kwenye kofia (ile ya kampuni itafaa), mtoto achomoe. Usiseme "huu wa mfuko mmoja na nusu niuweke pale pazuri uonekane". Hapo ndipo boma linapoingia. Maboma, vichuguu, mahali trekta linapogeuzia, kingo za barabara, vyote viache nje. Na kwa kuwa unalijua lile duara, tembea shamba lako msimu huu ngano ikiwa imesimama, chora kwenye daftari palipo peusi na palipo pa njano. Hiyo ramani ya mkono ni bora kuliko nyingi nilizowahi kuletewa zimechapishwa kwa rangi.

Mteremko nao. Ethiopia walikuwa wakigawa kilo 100 za DAP na kilo 100 za urea kwa hekta kila mahali, na watafiti wa huko walipotenganisha majaribio kwa mteremko wakaona ngano ya bondeni inajibu mbolea kuliko ya juu, maana bondeni kuna udongo wa kina na unyevu. Ukielekeza mikanda juu kwenda chini, kila mkanda unapita mazuri na mabaya sawasawa, na kwa hesabu hiyo ndiyo bora. Ila shamba likiwa na mwinuko mkali, kupanda kwa kushuka ni kualika mmomonyoko. Hapo fuata kontua (mstari wa kimo kimoja), halafu kundi la kwanza liwe juu, la pili katikati, la tatu chini, ili viwango vyote vitano vikutane katika kila kimo.

Urea uiweke ngano ikiwa inatoa machipukizi, na ardhi ina unyevu na mvua iko njiani. Kama pH yako iko juu ya 7, na maeneo mengi ya kule yanaelekea huko, urea iliyolala juu ya udongo bila mvua ya kuiingiza inageuka hewa na kuondoka. Utasema mbolea haifanyi kazi, kumbe haikuingia ardhini.

Mavuno nitaandika baadaye, macho yamechoka.

Mkulima_Moiben

Ndugu zetu wa Tanzania, hamjambo. Niko Moiben, Uasin Gishu, Kenya. Nimependa haya maelezo ya mzee wa kamba. Niongeze mawili ya huku kwetu.

La kwanza, ugonjwa. Ile kutu ya shina aina ya Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, na kwa miaka mingi sasa watafiti wa kilimo wa KALRO, Njoro, wanapanda aina za ngano kutoka pembe zote za dunia kuzijaribu dhidi yake. Kutu ya manjano nayo haijatuacha. Ngano iliyokula naitrojeni nyingi huwa imesongamana, inakaa na unyevu, na kutu ya manjano inaipenda. Nimeona mtu wa huku akisema mbolea inapunguza mavuno, kumbe mikanda ya mbolea nyingi ndiyo iliyoliwa na kutu na hakunyunyiza dawa. Ama unanyunyiza mikanda yote siku moja kipimo kimoja, ama hunyunyizi yoyote. Lakini bora unyunyize: usimwache ng'ombe ndani ya jaribio la maziwa bila kumpa maji. Panda aina moja ya mbegu kote, na iwe inayostahimili.

La pili, msinakili kwetu. Udongo wa huku una asidi, na DAP ya miaka mingi imezidisha. Wengi wetu tumepata zaidi kwa chokaa kuliko kwa mfuko wa tatu wa mbolea. Usije ukabeba chokaa mpaka Hanang kwa sababu umesoma mtu wa Moiben anasifu. Na kinyume chake pia: ile fosfeti ya mwamba ya Minjingu, iliyo huko huko mkoani kwenu Manyara, ilijaribiwa magharibi mwa Kenya na ikafanya vyema kwa sababu asidi inauyeyusha mwamba. Kwa udongo wenye pH ya 7 na zaidi mwamba ule unabaki mwamba. Mtu wa Basotu yuko karibu na mgodi kuliko mimi lakini mimi ndiye unanifaa zaidi. Mambo ya dunia.

Halafu mkisoma mavuno ya Kenya kumbukeni gunia letu ni kilo 90.

MamaNgano_Mbulu

Fundi, shikamoo. Na sisi wenye ekari moja na nusu tufanyeje? Hatuna kombaini wala hiyo mita 200. Tunarusha mbegu kwa mkono na kupitisha jembe la ng'ombe.

Kikundi chetu tulifanya vipande vya mita 10 kwa 10. Nawaeleza tulivyofanya, mtasema kama si sawa. Kipande kama hicho ni kama sehemu moja ya arobaini ya ekari, kwa hiyo nusu mfuko wa urea kwa ekari unakuwa gramu 620 hivi kwa kipande. Tulimwomba mwenye duka atupimie kwa mizani yake, tukaweka kwenye vifuko vya karatasi. Mbegu pia tulipima, kila kipande sawa, kwa sababu mkono wa mtu mmoja una ngano nyingi na wa mwingine una ngano chache. Mtu mmoja ndiye alirusha vipande vyote.

Kuvuna tuliacha mita moja kila upande, tukakata katikati mita 8 kwa 8. Watu walilalamika kwamba tunaacha ngano nzuri. Ni kweli ile ya pembeni ni nzuri, inapata mwanga na inaiba mbolea ya jirani, ndiyo sababu ya kuiacha. Tukapigia kila kipande kwenye turubai lake, tukapepeta, tukapima. Hapo ndipo nilipoogopa: ukizidisha kupata ekari, kila kilo moja ni kilo 63. Mtoto akila mkono mmoja, kuku wakipita, mizani ikining'inia vibaya, umeshapata gunia la uongo.

Mzee wa Moiben, ng'ombe na maji nimeelewa, asante.

FundiWaMambo

Marahaba mama. Mlifanya sawa kabisa, hasa la mtu mmoja kurusha mbegu na la kuacha kingo. Kwa vipande vidogo hivyo ongezeni marudio, badala ya matatu yawe manne au matano. Njia nyingine ni kila mwanakikundi kuweka seti moja tu kwake, vipande vinne au vitano, na nyumba nane zikawa marudio manane. Mimi binafsi naipenda hii kuliko zote. Mtu mmoja hahangaiki, na jibu linakuwa la kijiji, siyo la shamba la mwenyekiti.

Sasa mavuno kwa NganoYaHanang. Kichwa cha futi 14 ni mita 4.2 na ushee. Mkanda wako ni mita 6. Kombaini ipite katikati mara moja tu, pembeni ibaki, utaivuna baadaye na ya shamba. Umevuna mita 4.2 kwa 200, sawa na mita za mraba 840, karibu sehemu moja ya tano ya ekari. Kilo ulizopata zidisha kwa 4.8 upate za ekari.

Dereva wa kombaini ndiye kikwazo. Analipwa kwa ekari, hataki kusimama. Zungumza naye kabla, mlipe muda wake, na mwambie wazi: mwisho wa kila mkanda anasimama, mashine inaendelea kunguruma hapo hapo mpaka punje zikome kabisa kwenye bomba la kutolea, ndipo unafungua magunia ya mkanda unaofuata. Punje hazikomi mara moja. Zinatoka kwa kishindo, zinapungua, unadhani zimekwisha, halafu zinamiminika tena kidogo kutoka kwenye ungo. Akiondoka mapema, kilo kadhaa za mkanda wa mfuko mmoja na nusu zinahamia kwenye mkanda wa "hakuna". Simama pale mwenyewe, usimtume mtu.

Chukua sampuli ya kila mkanda kwenye chupa kavu yenye kizibo upime unyevu. Mikanda yenye naitrojeni nyingi huchelewa kukauka, kwa hiyo uzito wake una maji. Toa unyevu kwenye 100, zidisha uzito kwa kinachobaki, gawa kwa 87, unapata uzito wa ngano yenye unyevu wa asilimia 13. Mfano kilo 164 zenye unyevu wa 16: 164 mara 84, gawa kwa 87, ni kilo 158. Kilo sita za maji kwa mkanda, ukizidisha kwa 4.8 ni kilo 29 kwa ekari ambazo hazipo.

Bei na faida naona ndiyo ulichokuwa unauliza hasa, maana deni ulilitaja mapema. Tuseme wastani wa marudio matatu umekupa kwa ekari: hakuna urea kilo 620, nusu mfuko 790, mfuko mmoja 880, mmoja na nusu 910. Hizi ni za mfano, usizinukuu. Tuseme ngano ni shilingi 800 kwa kilo, mfuko wa urea 70,000, na kibarua wa kuirusha 5,000 kwa kila nusu mfuko. Kila hatua inakugharimu 40,000, yaani kilo 50 za ngano. Nusu ya kwanza imeleta kilo 170, ambazo ni 136,000. Ya pili kilo 90, ambazo ni 72,000. Ya tatu kilo 30, ambazo ni 24,000, na hapo umelipa 40,000 kupata 24,000. Mavuno makubwa kuliko yote yako kwenye mfuko mmoja na nusu, lakini pesa haiko huko. Muuza pembejeo hakudanganya kwamba mavuno yanapanda. Hakukuambia tu hatua ya mwisho inalipwa na nani.

Na ile ya pili, inayokuachia 32,000 juu ya 40,000? CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, walifundisha tangu miaka ya 1980 kwamba mkulima mdogo asishauriwe kuweka pesa mahali ambapo hatarajii faida ya walau nusu ya alichoweka, na kama kitu ni kigeni kwake, faida iwe sawa na alichoweka. Ukiwa na pesa yako mwenyewe, iweke. Ukiwa unakopa kwa riba ya msimu na nusu ya shamba ni ya kukodi, mimi ningesimama kwenye nusu mfuko na pesa iliyobaki ningeipeleka kwenye mbegu nzuri au kwenye mahindi. Mradi wa OFRA uliofanyika nchi 13 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, ulijengwa juu ya wazo hilo hilo: mwenye pesa chache asitafute kiwango cha juu cha zao moja, atafute shilingi yake ya kwanza inalipa zaidi wapi.

Kabla hujaamini wastani, tazama mikanda yenyewe. Ikiwa ile mitatu ya "hakuna" imetoa 540, 610 na 710, basi shamba lako peke yake linayumba kilo 170 bila mbolea yoyote. Tofauti ya kilo 90 kati ya viwango viwili hapo usiitolee kiapo. Ya 170 nayo itazame upya: je, katika kila kundi mkanda wa nusu mfuko umeuzidi wa "hakuna"? Ukizidi mara tatu kati ya tatu, sawa.

NganoYaHanang

Fundi, Mungu akuweke. Baba anasema anakumbuka gari la Selian lililokwama, ila hasemi kama alilivuta.

Nina maswali matatu yaliyobaki. Mikanda ya "hakuna" si nitapata hasara ya wazi? Mke wangu ameshaniuliza. Kwelea kwelea je, wakishuka upande mmoja wa jaribio? Na la mwisho, nimeongea na wenzangu wanne, wawili wa Basotu, mmoja Setchet na mmoja wa Endasak, wako tayari kuweka seti moja moja kama ulivyomwambia mama wa Mbulu. Yule mzee asiye na deni naye amekubali, kwa sharti kwamba tusimwagie mbolea ekari zake zote.

Mchumi_Katesh

Huyo mzee ndiye mchumi, siyo mimi.

FundiWaMambo

Mweleze mama watoto hivi. Mikanda mitatu ya "hakuna" haifiki hata ekari moja. Na haitakuwa kavu. Rothamsted kule Uingereza kuna shamba linaitwa Broadbalk, linapandwa ngano tangu mwaka 1843, na kuna kipande ambacho hakijawekewa mbolea tangu jaribio lianze. Bado kinatoa kama tani moja kwa hekta, gunia nne za kilo mia kwa ekari. Unachopoteza ni tofauti tu, na tofauti hiyo ndiyo unayotaka kuijua. Bila mkanda huo hutajua ardhi yenyewe inakupa nini bure, na huyo mzee ataendelea kukushinda kwa maneno.

Kwelea hawana dawa ndani ya jaribio. Lipa vijana wa kuwinga, jaribio liwe katikati ya shamba, siyo ukingoni karibu na miti au maji. Wakishuka kundi moja la mikanda likaliwa, andika siku na mahali, litoe kundi hilo zima kwenye hesabu. Usitoe mkanda mmoja mmoja kwa kuangalia upi umekuharibia jibu. Kama limebaki kundi moja tu, msimu huo umekwenda, rudia mwakani.

Kuhusu wenzako: hilo ni kubwa kuliko yote uliyoandika. Shamba lako moja kwa msimu mmoja linakupa jibu la shamba lako kwa mvua ya mwaka huo. Mashamba sita, mkiweka viwango vile vile na mbegu ile ile, na kila mmoja akaandika tarehe ya kupanda, zao la mwaka jana, mvua kwa chupa iliyokatwa kama hana kipimo, na kama pale palikuwa na boma, mtaanza kuona nani anajibu na nani hajibu. Huenda mashamba ya chini yakataka mfuko na ya juu yakatosheka na nusu. Yule mzee akikuta kwake urea haikuongeza kitu, hilo nalo ni jibu, na mtafute sababu kabla ya kumcheka: pengine kwake ni boma la zamani lote, pengine analima baada ya choroko, ambazo huacha naitrojeni ardhini. Chukueni udongo kila shamba kabla ya kupanda, sentimita 0 mpaka 20, na mwenye uwezo achukue wa chini pia mpaka 60, maana naitrojeni hujificha huko.

Daftari liwe moja na lishikwe na mtu asiyeuza mbolea. Msimu wa pili rudieni. Mkiwa na misimu miwili, nendeni nayo Selian na kwa afisa ugani wa kata. Mtafiti anayepewa mashamba sita yaliyopimwa vizuri hafungi mlango, nawajua. Ila asiwakute mmeandika "mavuno mazuri sana" mahali pa kilo.

Kipima unyevu usinunue, ni ghali. Wanunuzi wa ngano wanacho, na wengi hukupimia wakijua unawauzia. Peleka chupa zote 15 siku moja, kwenye kifaa kimoja.

MamaNgano_Mbulu

Na mkipata majibu mtuletee hapa, hata yakiwa mabaya. Sisi tunavuna Julai, nitaweka ya kwetu kwa kilo.